Mkonge haukuwemo kwenye desa

Najua nimepotea. Nilikuwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, huko nyumbani Kifaru, na niliporudi chuo nikakutana na foleni ya usajili, na foleni ya bumu, na test ya ghafla juu yake. Sasa nimetulia kidogo, niko kitandani bwenini, mwenzangu anakoroma. Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu mwezi wa nane, na leo nakitoa.

Kwa wasiopajua, Kifaru iko kwenye barabara kuu ukitoka Mwanga kuelekea Himo. Juu yetu kuna milima ya Upare Kaskazini, Usangi na Ugweno, kijani tupu, migomba na kahawa. Sisi tuko chini tambarare, mvua inatuona halafu inapita. Kwetu mtu akipanda mahindi, anapanda na maombi.

Shule sitaitaja. Nilipewa kidato cha pili, Biolojia. Siku hiyo somo lilikuwa usanisinuru, jinsi mmea unavyotumia mwanga kujitengenezea chakula. Andalio la somo nililiandaa usiku kucha. Nikaandika ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, kwamba stomata, yale matundu madogo sana kwenye jani, hufunguka mchana ili hewa ya ukaa iingie, na hufungwa usiku. Nikaongeza kwamba matundu yakiwa wazi, maji nayo yanatoka. Mwalimu mwenyeji kakaa nyuma na fomu yake ya kunipima.

Binti mmoja wa dawati la mwisho akanyoosha mkono.

"Madam, naomba kuuliza kwa Kiswahili."

Nikamruhusu.

"Umesema jani likifungua matundu linapoteza maji. Mahindi ya mama yamekauka hata hayajabeba. Ila mkonge wa mpakani uko vile vile, jua lote hili. Na wenyewe unafungua mchana?"

Darasa kimya. Mimi nikaangalia saa, nikamwangalia mwalimu mwenyeji, nikasema: "Swali zuri, ila hilo liko nje ya silabasi. Tuendelee."

Akakaa. Wiki zote zilizobaki yule binti hakuuliza tena. Hata salamu yake ilikuwa ya adabu tu, "Shikamoo madam," basi.

Sasa sikieni sehemu inayouma. Mimi jibu nilikuwa nalo! Mwaka wa kwanza swali hilo lilikuja kwenye UE, na nililijibu vizuri sana. Nilichora mchoro, nikataja vimeng'enya, nikatoa mifano miwili kama ilivyokuwa kwenye desa: kaktasi wa jangwani na nanasi. Mkonge haukuwemo kwenye desa. Mkonge ambao umezunguka shamba letu tangu nazaliwa, ambao nimefungia kuni kwa nyuzi zake, ambao miba yake imenichoma mara sijui ngapi. Jibu lilikuwa kichwani, mkonge ulikuwa mbele ya macho, na hivyo viwili vilikuwa havijawahi kukutana.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja. Biolojia ya mwaka wa kwanza, kuanzia seli mpaka wanyama na mimea inavyofanya kazi, tunaimeza vizuri tu. Lakini tunaimeza ikiwa haina kwao. Sisi tunaosomea ualimu ndio tunaoipeleka shuleni ikiwa hivyo hivyo, na huko inaua maswali ya watoto.

Ngoja nianze na deni la mkonge.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Mexico, upande wa Yucatán. Ulifika huku pwani ya Tanga mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yale mnayoyaona mkipanda basi la kwenda Tanga. Kilichoufanya ukae vizuri kwenye ukame wetu ni kwamba unafanya kinyume cha kile nilichoandika ubaoni. Usiku, kukiwa na ubaridi, unafungua stomata na kuingiza hewa ya ukaa. Kwa kuwa usiku hakuna mwanga, unaigeuza ile hewa kuwa asidi ya maliki na kuiweka akiba kwenye vakuoli, lile ghala la maji ndani ya seli. Asubuhi unafunga milango yote. Mchana kutwa jua linawaka, wenyewe umejifungia ndani unatoa akiba yake kidogo kidogo na kutengeneza sukari. Njia hii inaitwa CAM.

Haya, na mahindi je? Hapo ndipo shamba la mama lilipo tamu kuliko desa. Ndani ya shamba moja kuna mahindi, katikati yake kunde, na mpakani mkonge. Hizo ndizo njia tatu za usanisinuru tulizofundishwa kwa mihadhara mitatu! Kunde wanatumia njia ya kawaida, C3, na kwa kila gramu moja ya hewa ya ukaa mmea wa aina hiyo unapoteza kama gramu 400 hadi 500 za maji. Mahindi ni C4, yana ujanja wa kuikusanya hewa ya ukaa kwanza, kwa hiyo yanapoteza kama gramu 250 hadi 300. Mkonge, kwa CAM, ni gramu 50 hadi 100 tu. Mahindi yana nafuu kuliko kunde kwa hesabu hiyo, lakini bado yanafungua mchana, na mvua ikikata wakati wa kubeba hakuna ujanja unaosaidia.

Msidhani mkonge unapata bure. Ghala la vakuoli lina mwisho wake, likijaa usiku basi, huwezi kuweka zaidi. Ndiyo maana mahindi yanamaliza kazi kwa miezi michache, na mkonge unakusubirisha miaka kabla ya kuukata mara ya kwanza. Mmoja anakimbia na kufa kwa kiu, mwingine anatembea taratibu na kufika. Darasa zima la Kifaru lingeelewa hilo bila kuchorewa kitu, kwa sababu wote wanalima.

Mtaniambia, huo ni mfano mmoja tu, madam umeubahatisha. Haya twende kwa wanyama.

Kwenye mhadhara wa mmeng'enyo wa chakula tuliandika kwamba ng'ombe na mbuzi wana tumbo la vyumba vinne, tukakariri majina ya Kilatini. Nusu ya darasa walichanganya la pili na la tatu, na wengine wakapata sapu. Sasa jamani, mtoto gani wa kwetu hajawahi kuosha utumbo wa mbuzi, iwe Krismasi au Idd? Ule mfuko mkubwa kwa ndani uko kama taulo. Unaofuata una vishimo kama sega la nyuki. Wa tatu una kurasa kurasa kama daftari, na huo ndio unaotesa kuosha maana majani yanajificha katikati. Wa nne ni laini, unateleza, na ndio unaofanana na tumbo lako wewe. Vidole vyake vinavijua vyumba vyote vinne kabla hajafika kidato cha kwanza.

Na hapo unamuuliza: kwa nini taulo, kwa nini kurasa, kwa nini usiwe mfuko laini tu? Atafikiri, atakwambia ili majani yaguse sehemu kubwa. Basi, amekupa kanuni nzima! Eneo kubwa la kugusana ndani ya nafasi ndogo. Kanuni hiyo hiyo iko kwenye utumbo mwembamba, kwenye mapafu, kwenye matamvua ya perege wa Nyumba ya Mungu, kwenye vinyweleo vya mizizi, na ukishuka mpaka ndani ya seli iko kwenye mikunjo ya utando wa mitokondria. Sisi tulifundishwa hivyo vyote kama vitu vitano tofauti, kila kimoja na mhadhara wake na mchoro wake.

Kwetu kunaitwa Kifaru, lakini kizazi changu hakijawahi kuona kifaru akipita pale. Ukimtaka kifaru mweusi uende Mkomazi, upande wa Same. Huko waliisha kwa ujangili, ikabidi kuanzia mwaka 1997 waletwe wengine kutoka Afrika Kusini na kutunzwa ndani ya uzio. Mkomazi ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Sasa kifaru naye anakula matawi na majani, lakini hana vyumba vinne wala hacheui. Tumbo lake ni moja. Bakteria wanaomsaidia kuvunja nyuzi za mimea wako nyuma, kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimekaribia kutoka. Ndiyo maana kinyesi cha kifaru kina vijiti vinavyoonekana kabisa, na cha ng'ombe ni laini, kimesagwa kikasagika. Mtoto anayechunga ng'ombe ukimwonyesha vinyesi hivyo viwili anakupa tofauti ya mmeng'enyo mwenyewe. Shule inayoitwa kwa jina la mnyama, au iliyo jirani na kijiji chenye jina la mnyama, halafu watoto wanaandika kuhusu farasi. Farasi gani, jamani?

Na seli yenyewe? Hapa kila mtu ananiambia seli haionekani, huwezi kuitolea mfano wa nyumbani bila darubini. Nakataa. Bibi yangu ananisimulia kwamba akiwa mtoto walikuja watu na mabomba, wakapuliza dawa kwenye kuta za nyumba za udongo. Nilikuwa naichukulia kama hadithi za bibi tu. Nilipofika chuo nikakuta kwamba kati ya mwaka 1954 na 1959 kulikuwa na mradi mkubwa wa malaria, Pare-Taveta, uliovuka mpaka wa Tanganyika na Kenya. Nyumba zilipulizwa dieldrin, sumu ambayo baadaye ilipigwa marufuku sehemu nyingi duniani. Watafiti walipima damu za watu, wakahesabu vifo vya watoto wachanga. Malaria ilishuka, vifo vya watoto vikapungua, na kiwango cha himoglobini kwenye damu kikapanda.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo biolojia ya seli yote. Kwa nini mbu akiondoka damu inaongezeka? Kwa sababu kimelea cha malaria kinaishi ndani ya seli nyekundu, kinakula himoglobini humo humo, kinazaliana, kisha kinaipasua seli na kwenda kuvamia nyingine. Seli zikipasuka nyingi, oksijeni inakosa wa kuibeba, mtoto anapauka viganja, anahema haraka, moyo unakimbia. Kutoka kwenye utando wa seli moja mpaka kwenye kifua cha mtoto anayehema, ni mstari mmoja, haukatiki popote. Mwaka huo huo 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba wanaobeba nusu ya urithi wa selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Yote haya yamefanyika huku kwetu, kwenye damu za watu wetu. Mimi kwenye mtihani niliandika kwamba seli nyekundu ina umbo la sahani iliyobonyea pande zote mbili, nikapata maksi yangu, nikaondoka.

Najua mtakayonijibu, maana nimeshabishana na wenzangu kafeteria mpaka chai ikapoa.

Kwanza, kwamba tatizo ni lugha. Yule binti aliomba ruhusa kuuliza kwa Kiswahili, angekuwa mwoga angenyamaza, na wangapi wamenyamaza? Nakubali kabisa, tena istilahi tunazo siku nyingi. TUKI walitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini nafsi yangu inaniambia lugha peke yake haitoshi. Ningeweza kumwambia kwa Kiswahili safi kuhusu kaktasi wa Arizona, na bado mkonge wa mama yake ungebaki mpakani hauna jibu.

Pili, NECTA hawaulizi mkonge. Sawa, lakini NECTA wanauliza kanuni. Anayeelewa mkonge ukimpa nanasi anajibu. Aliyekariri nanasi ukimpa mkonge anafanya kama nilivyofanya mimi, anasema liko nje ya silabasi.

Tatu, vifaa hakuna, madarasa yamejaa. Kweli, na hili silidharau, darasa langu lilikuwa na watoto wanaokaa watatu watatu. Lakini utumbo wa mbuzi hauhitaji bajeti ya wizara. Niliporudi chuo nilimwomba fundi wa maabara, kuna mkonge wa mapambo nje ya jengo letu. Nikakata kipande cha jani saa kumi na mbili asubuhi, na cha uzito ule ule kutoka jani lile lile saa kumi na moja jioni (vaeni glavu, maji yake yanawasha balaa). Nikavichemsha kila kimoja kivyake, nikachuja, nikadondosha POP, kisha sodiamu haidroksaidi iliyozimuliwa, tone kwa tone mpaka rangi ya waridi itokee. Ni titresheni ile ile tuliyofanya kidato cha nne tukidhani ni mambo ya Kemia tu. Maji ya asubuhi yalihitaji matone zaidi ya mara mbili ya yale ya jioni. Asidi ya usiku ilikuwemo, na jioni ilikuwa imeliwa. Nilikaa nimeshika ile chupa kama mjinga, mwaka mzima baada ya kupata maksi zote za swali hilo, na ndiyo kwanza ninaamini kwamba ni kweli.

Sisemi vitabu vichomwe. Campbell, kile kitabu kinene cha Marekani kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1987, nakipenda, na kimenibeba sana kwenye msuli. Waandishi wake walitumia mifano ya kwao, na walifanya sawa. Kazi ya kuweka mifano ya kwetu haikuwa yao. Ni yetu. Ninachoomba ni kidogo: kila mada tunayofundishwa, mhadhiri atuulize darasani, "Hiki kwenu kiko wapi?" Wa Kifaru ajibu, wa Kigoma ajibu, wa Pemba ajibu. Na sisi tunaokwenda TP tusiende na andalio la somo tu, twende na orodha ya vitu vya kijiji kile, tuwaulize wazee, tupite shambani kabla ya kuingia darasani. Mimi nilienda kijijini kwangu mwenyewe na sikufanya hivyo. Nilifundisha Kifaru kama mtu aliyeshuka na basi asubuhi ile.

Kuna msemo kwamba mwalimu asiyejua aseme hajui. Mimi nimejifunza kuna hali mbaya kuliko hiyo, nayo ni mwalimu anayejua lakini hajui kwamba anajua.

Mdogo wangu wa dawati la mwisho, likizo ijayo nitapita hapo shuleni. Jibu lako ni hili: hapana, mkonge haufungui mchana. Unafungua usiku, wakati wewe na mama yako mmelala. Uliona sawa, na kilichoandikwa ubaoni ndicho kilichokuwa pungufu. Samahani sana.

Haya wadau, mwenzangu kaamka ananiambia nizime taa. Alamsiki.